Mtu wa Kawaida Kuliko Wote Sudbury

Veikko Rantala alikuwa na cheo ambacho hakuna aliyewahi kumpa kwa barua. Alikuwa mtu wa kawaida. Sisemi kwa kumdharau. Katika maabara yetu pale Sudbury, mji wa migodi ya nikeli, tulipima madhara ya mionzi ndani ya chembe za damu, na huwezi kusema damu ya fulani imeharibika kama huna damu nzima ya kuilinganisha nayo. Damu hiyo nzima ilitoka kwenye mkono wa kushoto wa Veikko, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, kwa miaka ishirini na minne. Wachimbaji, wapiga eksirei, mafundi wa mitambo, wote walioletwa kwetu roho mkononi walipimwa dhidi ya Veikko. Ukimzidi Veikko, una tatizo. Ukilingana naye, nenda nyumbani ukalale.

Mwanzoni hakuwa peke yake. Mimi Oksana nilipoajiriwa tulikuwa na watu watano wa kutoa damu ya kulinganishia. Mmoja alistaafu akahamia Florida. Wa pili akapata mimba. Wa tatu akaanguka kwenye ngazi, akapigwa eksirei tatu za kichwa kwa siku moja. Wa nne nilikuwa mimi, nikatolewa nilipoanza kupigwa picha za matiti. Kila mmoja alipotoka mkurugenzi aliahidi kutafuta mwingine, na kila mara tukaona Veikko anatosha. Huo ulikuwa uvivu, na fungu langu katika uvivu huo ninalijua.

Lakini hata nawe ungemtegemea. Aliilinda damu ile kuliko watu wanavyolinda ndoa. Daktari wa meno akitaka kupiga picha, Veikko alimwambia ang'oe kwa kukisia, na ndivyo alivyopoteza meno mawili, moja likiwa zima. Mpwa wake alipoolewa Vancouver alikataa kupanda ndege, kwa sababu huko juu mionzi ya angani ni mingi. Akapanda treni siku nne, treni ikachelewa, akakuta maharusi wameshaondoka na watu wanakunja viti. Alipoteleza kwenye barafu akavunjika kifundo cha mguu, alikataa eksirei akamwambia daktari apapase tu. Mfupa uliunga ukiangalia pembeni. Mpaka leo nyayo zake kwenye theluji zinaonekana kama za watu wawili waliokosana.

Mkewe Claudette alikuwa akisema ameolewa na chupa ya damu. Veikko ni Mfini, wazazi wake walikuja kuchimba nikeli, na Wafini wa kwetu hawatumii maneno matatu penye kutosha moja. Asubuhi alisema "Asubuhi." Jioni alisema "Haya." Katikati alipaka damu kwenye vioo vidogo vya hadubini, na hakuna aliyepaka vizuri kuliko yeye.

Mimi nilipaka rangi na kuhesabu. Mionzi ikipita ndani ya seli hukata nyuzi zinazobeba maagizo ya mwili. Seli ikija kugawanyika, vipande vilivyokatika huachwa nyuma, haviingii katika kiini cha seli hii mpya wala cha ile. Kwenye hadubini unaona kiini kikubwa, na pembeni kidoa kimoja cha duara kinachozubaa. Wenye digrii wana jina refu la kitu hicho. Sisi tunakiita kombo. Nilihesabu seli elfu moja kwa kila kioo, na vioo havikuwa na majina bali namba, ili nisimpendelee mtu wala kumwonea. Majina yalikaa ndani ya bahasha mpaka kazi iishe.

Veikko alikuwa na makombo tisa katika seli elfu. Mwezi ukiwa mbaya, kumi na moja. Kila fungu la vioo tulilolipaka rangi lilikuwa na kioo chake ndani, kwa sababu rangi ikiwa kali huacha vidoa vya uongo. Basi kama siku hiyo Veikko kapata kumi na nane, tulijua rangi imemwongezea maradufu, na watu wote wa fungu lile tukawapunguzia nusu. Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Veikko habadiliki, inayobadilika ni rangi.

Mwaka ninaousimulia, Daktari Solange Ouimet, mwanamke wa Quebec mwenye akili nyingi na subira ndogo, alikuwa akiwachunguza wazee thelathini na wawili waliochimba urani kule Elliot Lake. Alitaka kujua kama makombo ndiyo yanayowachosha kinga ya mwili, maana mafua ya wiki moja kwa wazee wale yalikuwa ya mwezi mzima, na kiongozi wao, Gaétan Brisebois, alikuwa ameshaugua mkanda wa jeshi mara tatu. Kwa ajili ya uchunguzi huo walikuwa na kliniki yao kila mwaka: mapafu, damu, ngozi, macho. Kliniki hiyo ndiyo iliyoona uvimbe kwenye pafu la Gaétan ukiwa mdogo kama dengu, ukatolewa, naye yuko hai anagombana na jirani zake. Serikali ilikuwa imeshasema bila kificho. Matokeo yakionyesha wazee wana madhara, kliniki inaendelea. Yakionyesha wako sawa, inafungwa.

Mwezi wa Oktoba Veikko akaanza kuongea.

Hatukujua tulichukulieje. Asubuhi moja alisema "Asubuhi," halafu akaongeza kwamba jana kulikuwa na upepo. Tulitazamana. Wiki iliyofuata alinieleza habari za jiko lake la kuni kwa dakika ishirini, jasho likimtiririka na nje kuna theluji. Alikula sandwichi zake, akala na zangu, na bado suruali ilimpwaya. Mikono ikawa inatetemeka, akavunja vioo vitatu kwa siku moja, mtu ambaye hakuwa amevunja vitatu tangu aajiriwe. Nilimwambia aende hospitali. Akasema ni uzee. Nikamwambia uzee haujawahi kumnenepesha mtu hamu na kumkondesha mwili.

Novemba ilipoingia aliomba likizo ya kwenda kuwinda kulungu, kama wanaume wote wa kaskazini, ila yeye alitaka kutangulia wiki moja kabla ya wenzake, peke yake, kwenye kibanda chake cha msituni. Alirudi baada ya siku tisa bila kulungu, bila hata sungura. Siku zilivyosogea akapoa, mikono ikatulia, akarudia "Asubuhi" yake ya zamani. Tulimshukuru Mungu.

Kitu kimoja tu kilikuwa cha ajabu. Aliacha kukaa nasi kwenye chai. Alichukua kikombe chake akasimama mlangoni, na mtu akimsogelea alirudi nyuma hatua mbili. Na kipima mionzi chetu, kile kinachotundikwa ukutani karibu na birika, kikaanza wazimu. Kilikuwa kikilia tiki, tiki, kisha kinanyamaza, kisha kinalia tena. Nilikipeleka kwa fundi, kikarudi na karatasi kwamba ni kizima. Kilipolia tena nikataka kukirudisha, Veikko akajitolea kukipeleka mwenyewe. Nikasema moyoni, huyu bwana ana roho nzuri. Kumbe kilimlilia garini njia nzima.

Mwisho wa mwezi damu za wazee zikaja, na Veikko akatoa yake siku hiyo hiyo bila kungoja Jumatatu yake. Nikapaka rangi, nikahesabu wiki mbili mpaka macho yakawa mekundu. Wazee wote walikuwa kwenye ishirini, ishirini na mbili, kama nilivyotegemea. Kioo kimoja kikanishtua. Kilikuwa na thelathini na tatu. Nikasema, maskini mzee huyu, yeyote awaye, huyu amelala na mionzi kitanda kimoja.

Bahasha ikafunguliwa. Kioo kile kilikuwa cha Veikko.

Mtu mwenye akili timamu angesema Veikko ana jambo. Sisi tulikuwa wanasayansi, tukasema rangi ilikuwa kali. Rangi yangu. Mkurugenzi aliniangalia kwa huruma akaniuliza kama nyumbani kuna matatizo. Daktari Solange akafuata sheria ya nyumba, akawapunguzia wazee wote kwa kiasi kile kile ambacho rangi "ilimwongezea" Veikko. Ishirini zao zikawa tano na nusu. Wazee waliokula vumbi la urani miaka thelathini wakatokea kuwa wazima kuliko mtu wa kawaida. Daktari hakuamini, akarudia hesabu mara nne, lakini hesabu haikuwa na kosa. Mkurugenzi alifurahi kama aliyezaa pacha. Akaagiza matokeo yasomwe kwa wazee wenyewe, Elliot Lake, Alhamisi ya kabla ya Krismasi.

Nilikasirika, na nikikasirika silali. Rangi ile naipima kwa mkono huu tangu Daktari Solange akiwa shule ya msingi. Kama ingekuwa kali, vioo vya wazee navyo vingechafuka, na havikuchafuka. Nilisema hivyo kwenye mkutano. Nikaambiwa niende likizo. Sikwenda.

Jumatatu Claudette akaja maabara akiwa amevaa koti la mumewe. Hakunisalimu. Aliniuliza huyo mwanamke ni nani.

Nikamuuliza mwanamke gani. Akasema nisimfanye mtoto. Mume wake alikwenda kuwinda siku tisa, na siku ya pili yeye alifungua kabati akakuta bunduki imesimama pale pale, na risasi zake. "Sasa wewe niambie, Oksana, alikuwa anawinda nini kwa mikono mitupu?" Tangu arudi, akasema, amehamia chumba cha wageni, ana taulo lake peke yake, anafua shuka zake peke yake, na akitoka msalani anavuta maji mara mbili. Hilo la maji mara mbili ndilo lililomuuma zaidi. Aliona ni usafi wa mtu mwenye dhamira chafu.

Mimi niliposikia maji mara mbili, nilikaa chini. Kwenye kazi yetu kuna watu wa aina moja tu wanaoambiwa walale peke yao, wafue peke yao na wavute maji mara mbili. Nilimwambia Claudette aende nyumbani, hakuna mwanamke. Aliniangalia kwa jicho linalosema kwamba pengine mwanamke mwenyewe ni mimi.

Nilimkuta Veikko peke yake anasugua beseni. Nikafunga mlango, nikashusha kipima mionzi kutoka ukutani.

"Kaa," nikamwambia.

"Nina kazi."

"Kaa, Veikko."

Akakaa. Nikakisogeza kipima kwenye goti lake, kimya. Kwenye tumbo, kimya. Kifuani kikaanza kukohoa. Nilipofika shingoni kililia mfululizo kama mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa na maji.

"Ni kibovu hicho," akasema.

"Ulikipeleka kwa fundi mwenyewe."

Akatoa yote, polepole, neno moja baada ya jingine. Tezi ya shingoni ilikuwa imechachamaa. Askari wa mwili wake mwenyewe walikuwa wanaichokoza bila sababu, nayo inafanya kazi ya tezi tatu, ndiyo maana ya jasho na kuongea. Alikwenda kwa daktari wa mbali ili asijulikane. Akapewa kidonge kimoja cha iodini yenye mionzi ya kuichoma tezi. Akaambiwa asikae karibu na watu siku kadhaa. Akaenda kibandani, akala maharage ya kopo siku tisa, akiwasha sauna, chumba cha mvuke cha Wafini, kila jioni na kukaa humo peke yake.

"Na bunduki?"

"Nilisahau. Nilikuwa na mawazo."

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema alidhani hakuna haja. Tukiona thelathini na tatu tutajua ni mgonjwa, tutakitupa kioo chake, na mambo yataisha bila yeye kufungua mdomo. "Ninyi mkalaumu rangi," akasema, na kweli alionekana ametuonea aibu.

"Ungesema siku ile."

"Ningesema nini, Oksana? Mimi sikusoma. Baba yangu alifia chini ya ardhi akiwa na miaka arobaini. Humu ndani kila mtu ana karatasi ukutani. Mimi nina mkono huu. Nikisema, Jumatatu ya kwanza ya mwezi nitakuwa nani?"

Nilimwonea huruma. Lakini huruma yangu haikuwa na mapafu ya Gaétan. Nilimwambia wazee thelathini na wawili watafungiwa kliniki kwa sababu yeye anaona haya, na kwamba aseme mwenyewe kabla ya Alhamisi, asiposema nitasema mimi. Akasema, "Haya."

Jumanne alikwenda kwenye mlango wa Daktari mara tatu, na mara zote tatu alirudi na kahawa. Jumatano alikuwa na nywele zilizochanwa, nikajua leo ndiyo leo. Akaingia, akakaa humo dakika tano, akatoka. Nikamuuliza. Akasema wameongea kuhusu matairi ya theluji. Alhamisi asubuhi akaniapia kwamba atasema garini. Tukaondoka watatu, Daktari akiendesha, Veikko amejibana kwenye kona ya nyuma ameegemea kioo. Tukapita Espanola, hakusema. Tukapita Massey, akasafisha koo, Daktari akamuuliza kama anataka dirisha lifunguliwe, akasema hapana. Saa mbili za barabara zikaisha. Ningeweza kusema mimi. Sikusema, kwa sababu nilitaka kitu hicho kitoke kinywani mwake, na sasa naona nacho kilikuwa kiburi. Nilijiapiza tu kwamba Daktari akifika ukurasa wa pili, nasimama.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wazee walikaa mbele na mitungi yao ya hewa, wake zao walikuwa nyuma wakipanga sandwichi za mayai na vijikeki vya siagi. Miongoni mwao nikamwona Claudette. Alikuwa ameendesha nyuma yetu njia yote. Alikuwa akimkagua kila mwanamke wa chini ya miaka sitini, na macho yake yalipomfikia Daktari Solange yakakaa hapo.

Daktari akasalimu, akasoma ukurasa wa kwanza, ule wa shukrani. Halafu akasema ana habari njema. Kwa mujibu wa vipimo, damu zao zina madhara machache kuliko ya mtu wa kawaida.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alikohoa, akaambukiza wenzake, ukumbi mzima ukakohoa kwa dakika moja hivi. Gaétan Brisebois akasimama akishikilia kiti.

"Daktari, mwanangu," akasema, "nimefurahi. Mimi nikipanda ngazi nne nawaona malaika. Sasa kama mimi ndiye mzima, huyo mtu wa kawaida hali yake ikoje? Bado anapumua?"

Wazee wakacheka. Daktari naye akatabasamu, akasema kwa bahati nzuri mtu mwenyewe yuko hapa, akamnyooshea mkono Veikko. Shingo zote zikageuka. Veikko alikuwa amesimama karibu na mlango, amekonda, mguu mmoja unatazama ukutani.

"Huyo?" Gaétan akauliza. "Maskini. Mpeni sandwichi."

Nilikuwa nimeshaanza kuinuka, maana ukurasa wa pili ulikuwa umefunuliwa. Veikko akanitangulia.

"Mimi si wa kawaida," akasema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, wakamwambia arudie. Akarudia. Akasema tangu Novemba ana mionzi shingoni, ameimeza mwenyewe, amewaficha watu wa kazini, na hesabu iliyosomwa ni ya uongo kwa sababu yake. Rangi ya Oksana haikuwa na kosa. Hilo alilisema mara mbili, akaangalia upande wangu. Alikuwa amemwaga mtama penye kuku wengi, na alibaki amesimama hapo kofia mkononi, mwekundu mpaka masikioni.

Daktari Solange hakupiga kelele. Alikaa, akachukua penseli, akarudisha kila kitu alichokuwa amepunguza. Kisha akasimama akasema anaomba radhi. Wazee wana makombo zaidi ya mara mbili ya mtu mwenye afya, wote, na yeye kama daktari alipaswa kuuamini mkono wa aliyehesabu.

"Kwa hiyo tumeharibika," Gaétan akasema.

"Mmeharibika, mzee. Nasikitika."

"Na kliniki?"

"Kwa matokeo haya hawawezi kuifunga."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Sijawahi kuona watu wakifurahi hivyo kwa kuambiwa wana ugonjwa. Walipigana mabegani, mmoja alimbusu mkewe, mwingine alitoa barakoa ya hewa ili ashangilie, akarudisha haraka. Gaétan alikwenda kumshika Veikko mkono akamwambia karibu kwenye chama, ada ni kukohoa.

Kelele zilipopungua, mke wa mzee mmoja akauliza makombo haya yanafanya nini hasa huko ndani, mbona kidoa tu kinamlaza mtu kwa mafua mwezi mzima. Daktari akaeleza, na sijawahi kumsikia akieleza vizuri hivyo. Kombo lina ngozi nyembamba, akasema, halikawii kupasuka. Likipasuka, nyuzi za kiini zinamwagika mahali pasipo pake. Ndani ya seli kuna mlinzi ambaye kazi yake ni kutafuta nyuzi za virusi zilizoingia kwa wizi. Akizikuta hizi hajui kuwa ni za mwenye nyumba, anapiga kengele, na askari wa kinga wanakuja mbio. Mara nyingine hilo ni jema, seli mbovu inaondolewa. Lakini ikilia hivyo miaka na miaka bila adui, askari wanachoka na kuchanganyikiwa, na siku mafua ya kweli yanapoingia hakuna wa kuamka. "Ila ujue," akamwambia yule mama, "seli iliyoumia haikai kimya. Inaita."

"Inaita hata kama mwenyewe hataki?"

Aliyeuliza alikuwa Claudette. Alikuwa ameshatoka nyuma na sahani mkononi, na watu walimpisha.

"Hata hivyo," Daktari akasema.

Claudette akamgeukia mumewe. "Umesikia, Veikko? Kidude kisichoonekana kwa macho kimekuzidi akili. Kikiumia kinaita watu. Wewe ulichukua gari ukaenda kujificha na maharage."

Ukumbi ukacheka sana. Yeye hakucheka, akaweka sahani chini.

"Sikutaka nikudhuru," Veikko akasema. "Waliniambia nisikae karibu na mtu."

"Ungeniambia, ningekaa chumba cha pili nikakuongelesha kupitia ukuta. Siku tisa nilikaa na bunduki ile kabatini nikijiambia nimeachwa. Nilishahesabu vitu vyangu vya kubeba. Miaka thelathini na moja, na sikujua kama ungependa nibaki au niondoke."

Namjua Veikko, nilijua anatafuta neno moja la kutosha, na safari hii halikuwepo.

"Niliogopa," akasema. "Niliogopa kufa, Claudette. Nikaogopa kukuambia kwamba naogopa."

Akakaa kwenye benchi lililokuwa ukutani. Claudette akamsimamia pale. Akamwambia asogee ili naye akae. Veikko akaanza kumweleza kwamba daktari wake amesema bado ni vizuri kuacha nafasi, angalau mita moja, mpaka baada ya mwaka mpya, na kwamba mwenyewe ameipima.

"Sogea," Claudette akasema, naye akasogea.